Kuizuru Alhambra huku ukizisoma kuta

Ukipanda kilima cha Alhambra, ngome yenye makasri ya masultani wa Kiislamu, mjini Granada, kusini mwa Hispania, mtembezaji wageni atakuonyesha dari, nguzo na mabwawa. Kazi yangu ni kusoma maandishi ya Kiarabu kwenye majengo ya kale, na nina ombi moja kwako: mwambie asimame kwenye kuta. Mtu aliyekaa chuoni akajifunza herufi kwa mwalimu wake ataona mengi ambayo wageni wengine huyapita wakidhani ni nakshi tu.

Maneno utakayokutana nayo kila hatua ni *Wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Hiyo ndiyo kaulimbiu ya ukoo wa Banu Nasr, waliotawala Granada tangu 1238 hadi walipoukabidhi mji kwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492. Imejaa kila mahali kwa sababu mafundi wengi waliitengeneza kwa kalibu: jasi ikatiwa humo, ikakauka, ikabandikwa ukutani na kupakwa rangi. Sogea karibu (bila kugusa!). Katika Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu wenye herufi za pembe, alif na lam hupanda juu zikasukwa mafundo kama nywele kwa msusi, na ndani kabisa ya michoro kuna mahali ambapo buluu ya zamani bado imeganda. Mimi Kikufi nilikizoea kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, chenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kule fundi alichonga jiwe la matumbawe, herufi moja baada ya nyingine. Huku kalibu moja iliweza kupamba ukuta mzima.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote watu huipita mbio. Kabla ya kuingia ukumbi mkuu wa kasri la Comares, kwenye unene wa ukuta wa mlango, kuna vidaka viwili, kimoja kila upande. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe atavitambua mara moja. Humo liliwekwa gudulia la maji, na shairi lililozunguka kidaka linasema kwa nafsi ya kwanza. Kimojawapo kinalifananisha gudulia lake na muumini aliyesimama kuswali. Kidaka kinajieleza chenyewe kazi yake! Mambo hayo utayakuta tena na tena Alhambra: jengo linajisifu kwa mdomo wake.

Ndani ya ukumbi, inua macho. Dari lina vipande 8,017 vya mbao, vimepangwa nyota juu ya nyota katika ngazi saba. Chini yake inazunguka Suratul Mulk, ile Tabaraka ambayo wengi wetu huisoma kabla ya kulala, yenye aya ya mbingu saba zilizoumbwa kwa matabaka. Kiti cha Sultani Yusuf wa Kwanza kilikuwa kwenye kibaraza cha katikati, mkabala na mlango. Balozi aliyekuja kumwona alimkuta amekaa chini ya maneno yanayosema ufalme wote umo mkononi mwa Mungu. Kwa maoni yangu hii ndiyo hotuba nzito kuliko zote za kisiasa zilizobaki Granada, nayo haikuhitaji msemaji. Maandishi hayo yako juu sana, hivyo beba darubini ndogo.

Ua wa Simba, wenye simba 12 wa marumaru, ni kazi ya Muhammad wa Tano, mwana wa Yusuf. Shairi lililochongwa kwenye ukingo wa bakuli ni la Ibn Zamrak, aliyekuwa pia waziri. Anasema maji na marumaru vimefanana hata hujui kipi kinachotiririka. Mwalimu wake, Ibn al-Khatib, naye waziri na mshairi, alikimbilia Morocco na mwaka 1374 akanyongwa gerezani Fez. Mwanafunzi huyo alikuwa miongoni mwa waliomshtaki. Ukiyajua hayo, ule ulaini wa beti zake unausikia kwa namna nyingine.

Kasri la Karolo wa Tano, mfalme wa Kikristo wa Hispania, lililoanzwa 1527, mimi hulipita haraka.

Bustani za Generalife, kasri la mapumziko la masultani, ziachie muda. Kuna shairi la Ibn al-Jayyab la mwaka 1319, linalomsifu Sultani Ismail wa Kwanza kwa kulipamba upya jengo. Maji yanakuja kwa mfereji uliochimbwa kutoka mto Darro, kilomita kadhaa kuelekea juu mtoni. Mirusho ya maji inayopigwa picha sana iliongezwa baadaye. Mfereji wenyewe wa katikati ya ua ndio wa asili. Kwenye ngazi ya maji, mikono ya ngazi ni mifereji pia, unashuka maji yakikupita pembeni.

Tiketi ikate mapema, kwa jina lako, na uchukue pasipoti. Saa ya kuingia makasri ya Banu Nasr imeandikwa kwenye tiketi, na ukichelewa huingii. Na kabla hujamlipa mtembezaji, muulize kama anasoma Kiarabu.