Engelbert wa Köln na ugomvi wa ulinzi wa Essen

Mwili wa Engelbert, askofu mkuu wa Köln huko Ujerumani, uliondolewa kwenye njia ya Gevelsberg juu ya mkokoteni wa samadi. Ilikuwa tarehe 7 Novemba 1225. Alikuwa safarini kutoka Soest kwenda Schwelm, ambako alitakiwa kutabaruku kanisa. Aliyemvizia na watu wake ni Friedrich wa Isenberg, ambaye walikuwa wametoka kuzungumza naye Soest. Friedrich alikuwa mtoto wa binamu yake upande wa baba. Kwa hesabu ya ukoo wetu, angemwita Engelbert baba mdogo.

Wanafunzi wangu wakisikia askofu kauawa, hudhani mara moja kwamba alifia imani. Mimi huwaanzishia kwenye cheo ambacho Wajerumani walikiita Vogt.

Kanisa lilimiliki ardhi kubwa, na kwenye ardhi kuna wezi, kesi na adhabu za kumwaga damu. Padri au mtawa hakuruhusiwa kumwaga damu. Basi abasia, yaani nyumba ya watawa, ilimweka mwenye upanga, mtu wa kawaida asiye kasisi, awahukumu wahalifu na kuilinda mali, naye akapewa fungu lake la mapato. Tatizo ni kwamba cheo kilirithiwa. Baada ya vizazi viwili vitatu mlinzi alijiona mwenye mali. Ukoo wa Friedrich ulishika ulinzi wa abasia ya wanawake ya Essen, yenye mamia ya mashamba, na yeye akayakamua. Fisi alikuwa amekabidhiwa bucha. Wanawake wale walilalamika kwa papa na kwa mfalme, na shauri likamwangukia Engelbert.

Naye hakuwa askofu wa kusali tu. Alizaliwa mnamo 1185 katika ukoo wa mabwana wa Berg, akapewa vyeo vya Kanisa akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1206 alitengwa na Kanisa kwa kumfuata binamu yake Adolf, aliyewahi kuwa askofu mkuu wa Köln, katika vita vya kugombea taji la Ujerumani. Alisamehewa miaka miwili baadaye, na mwaka 1212 akaenda vitani dhidi ya Waalbigensi, kundi ambalo Kanisa liliwaita wazushi, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1216 alichaguliwa askofu mkuu. Kaka yake alipofia Damietta, Misri, katika vita vya msalaba mwaka 1218, Engelbert aliurithi pia utawala wa Berg, akawa na fimbo ya kichungaji mkono mmoja na upanga wa ukoo mkono wa pili. Mwaka 1220 Kaisari Friedrich wa Pili, mwenyewe akielekea Italia, alimwachia Ujerumani na mwanawe mdogo Heinrich amlee. Engelbert ndiye aliyemvika mtoto huyo taji kule Aachen mwaka 1222.

Mtu wa namna hiyo alipoamua kumbana mlinzi wa Essen, mabwana wadogo wote wa Westfalia walielewa kwamba zamu yao inakuja. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha mauaji yale. Friedrich hakutetea hasira yake peke yake.

Mwili ulikutwa na majeraha zaidi ya 40. Mifupa ilipochunguzwa mwaka 1978, alama za silaha zilikuwa bado zinaonekana. Mtawa Caesarius wa Heisterbach, aliyeandika maisha yake muda mfupi baada ya kifo, alikiri wazi kwamba utakatifu uliopungua katika maisha ya Engelbert ulifidiwa na namna alivyokufa. Napenda sana ukweli huo wa Caesarius. Alitakiwa kumtukuza marehemu, lakini hakumfanya malaika.

Ukoo wa Isenberg ulilipa vikali. Ndugu wawili wa Friedrich, mmoja askofu wa Münster na mwingine wa Osnabrück, walivuliwa vyeo. Ngome yao juu ya Hattingen ilibomolewa, na magofu yake yapo hadi leo. Friedrich mwenyewe alikamatwa, akaletwa Köln, na Novemba 1226, mwaka mmoja baada ya mauaji, akavunjwa viungo kwa gurudumu nje ya lango la Mtakatifu Severin.