Dume aliyevuka barafu: vinasaba vya mbwamwitu wa Isle Royale

Majira ya baridi ya mwaka 1997, dume mmoja wa mbwamwitu alivuka kwa miguu ziwa lililoganda, akitokea Ontario nchini Kanada, akaingia kisiwa cha Isle Royale. Hakuna aliyejua kwamba kisiwa kimepata mgeni. Watafiti walikuwa wakiruka na ndege ndogo kila baridi kuwahesabu mbwamwitu wa pale, tena walihesabu vizuri, lakini ukimtazama mnyama kutoka angani huwezi kujua mama yake ni nani. Ujio wake ulikuja kujulikana miaka mingi baadaye, maabara, kwa kupima vinasaba vilivyobaki kwenye kinyesi.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kusoma vinasaba vya wanyama ambao mara nyingi siwaoni kwa macho. Napokea kinyesi kilichokaushwa, unyoya, kipande cha mfupa. Katika visa vyote ninavyowasomea wanafunzi, cha dume huyu ndicho ninachokirudia zaidi, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo hata wahifadhi hodari hulikosea: damu mpya ikija mara moja tu, ni mkopo. Mkopo huo lazima ulipwe.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Kwetu mtu akisema mbwamwitu, wengi humwona yule mwenye mabaka na masikio makubwa wa Selous au Serengeti. Huyo ni wa jenasi nyingine kabisa. Ninayemzungumzia hapa ni wa kaskazini, mwenye manyoya mazito ya kijivu, ndugu wa karibu sana wa mbwa wa nyumbani. Windo lake kisiwani ni muusi, mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu. Dume lake hupita uzito wa ng'ombe wengi wa kienyeji.

Isle Royale kiko ndani ya Ziwa Superior, katika jimbo la Michigan, Marekani. Ziwa hilo ndilo la kwanza duniani kwa eneo kati ya maziwa ya maji baridi, na Ziwa Victoria letu ndilo la pili. Kisiwa chenyewe kina kama kilomita za mraba 540, yaani karibu sawa na Ukerewe. Jaribu kuifikiria Ukerewe bila watu, imejaa msitu, halafu ziwa linaganda pande zote. Kutoka bara ni zaidi ya kilomita 20, na mbwamwitu hawezi kuogelea umbali huo katika maji ya baridi kali. Akitaka kuvuka, asubiri barafu.

Muusi walifika mwanzoni mwa karne ya 20. Mbwamwitu walivuka barafu mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1958 Durward Allen alianza kuwafuatilia wote wawili, na utafiti huo unaendelea hadi leo. Rolf Peterson na baadaye John Vucetich waliupokea. Ni mrefu kuliko utafiti mwingine wowote duniani wa mwindaji na windo lake. Uzuri wa kisiwa ni kwamba mambo ni machache: hakuna dubu, watu hawawindi, mbwamwitu anakula muusi, muusi anakula miti. Majira ya baridi muusi hutegemea sana mti mmoja wenye majani ya sindano, wa ukoo wa misonobari, ambao hapa nitauita mberoshi. Ukikata shina lake ukazisoma pete za ukuaji, utaona miaka ambayo muusi walikuwa wengi: pete ni nyembamba kama uzi. Mbwamwitu wakiongezeka, muusi wanapungua, na mberoshi unapumua, pete zinanenepa. Mnyama ambaye hajawahi kula jani ameandikwa ndani ya mti.

Sasa twende kwenye damu. Waanzilishi wa ukoo wa mbwamwitu kisiwani walikuwa wawili au watatu, na jike alikuwa mmoja tu. Tunalijua hilo kwa sababu vinasaba vya mitokondria, zile chembe ndogo zinazoipa seli nguvu, hurithiwa kwa mama peke yake, na kisiwa kizima kilikuwa na aina moja. Kila mnyama ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Waanzilishi watatu, basi, walibeba nakala sita tu za jeni yoyote ile. Kisha kila mtoto anarithi moja kati ya mbili kwa bahati nasibu, na nakala ambayo haikubahatika katika vizazi viwili vitatu inapotea moja kwa moja. Haifi kwa sababu ni mbaya, ni bahati tu. Kundi likiwa dogo, bahati ina nguvu kuliko ubora.

Mfugaji wa kuku wa kienyeji analijua hili bila kusoma jenetiki. Jogoo akikaa bandani hadi akawapanda binti zake, vifaranga wanadhoofika, kwa hiyo mfugaji anabadilishana jogoo na jirani. Hapo hakuna uchawi. Karibu kila mnyama hubeba jeni chache mbovu ambazo hazimdhuru, kwa kuwa nakala ya pili ni nzima na inafanya kazi. Ndugu wakizaana, mtoto anaweza kupokea nakala mbovu pande zote mbili, na hapo ubovu unajitokeza. Baba akizaa na binti yake, kwa wastani robo ya jeni za mtoto zina nakala mbili zinazofanana kabisa, kwa sababu zote zimetoka kwenye nakala moja ya baba huyo.

Mwaka 1980 mbwamwitu wa Isle Royale walifika 50. Miaka miwili baadaye walikuwa 14. Virusi vya parvo, ugonjwa wa mbwa wa nyumbani, vilifika kisiwani, na mbwa hawaruhusiwi kuingia huko mpaka leo. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba muusi walikuwa tele na mbwamwitu hawakurudi walivyokuwa.

Ndipo akaja yule dume, wakati hesabu ya mbwamwitu ikiwa ndogo. Watafiti walimzoea kama mbwamwitu mkubwa mwenye ukali wa kulinda eneo lake. Kadiri alivyozeeka manyoya yake yalibadilika yakawa meupe, wakampa jina la Mzee wa Kijivu. Alikuwa hodari kweli. Aliwashinda madume wenyeji na akazaa watoto 34. Lakini kati ya hao 34, 21 alizaa na binti yake mwenyewe.

Hebu tulia hapo. Si kwamba alikosa akili. Mbwamwitu kwa kawaida hukwepa ndugu wa karibu wakipata wengine, na kisiwani wengine hawakuwapo. Katika vizazi viwili na nusu hivi, kila mbwamwitu wa kisiwa alikuwa na undugu naye, na asilimia 56 ya urithi wa kundi zima ilitokana na yeye. Fikiria maana yake. Nusu nzima, yaani upande wote wa kiume, ilikuwa yake, na asilimia 6 ya ziada ilitokana na kufanikiwa kwa baadhi ya watoto wake waliozaliwa kwa ndugu kuzaana. Mistari mingine ya madume ilifutika.

Kwa miaka kadhaa mambo yalionekana kupona, na wapo waliotaja kisa hiki kama mfano wa kuokolewa kwa damu mpya. Mimi naona waliangalia saa mapema. Damu ilikuwa mpya siku alipofika; baada ya kizazi kimoja ilikuwa damu ya kila mtu, na hakukuwa na mgeni wa pili. Mifupa iliyokusanywa ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya mbwamwitu wa kisiwa walikuwa na kasoro za kuzaliwa katika pingili za chini za uti wa mgongo. Baadaye jenomu zao, yaani vinasaba vyao vyote, ziliposomwa zilionekana na sehemu ndefu ambamo nakala ya baba na ya mama hazina tofauti hata herufi moja. Kuanzia 2016 walibaki wawili, dume na jike. Dume alikuwa baba wa jike, na papo hapo walikuwa wametoka tumbo moja. Hawakuzaa mtoto aliyeishi.

Muusi, wakati huo, walikuwa wakiongezeka. Mwaka 2019 walipita 2,000, na miberoshi michanga ilikuwa imetafunwa hadi ikawa mifupi kama vichaka.

Ubishi wa kuingilia kati au kutoingilia ulichukua miaka. Hoja ya waliokataa ilikuwa na heshima yake: kisiwa ni hifadhi ya asili, acha asili iamue. Siikubali. Ugonjwa uliletwa na mbwa wa watu, na daraja la barafu ambalo zamani lilikuwa likijitokeza mara kwa mara sasa ni adimu kwa sababu ya joto ambalo nalo tumelileta sisi. Baada ya mikono yetu kufunga mlango, kusema "asili iamue" ni kuchagua upande.

Kati ya 2018 na 2019 waliletwa mbwamwitu 19 kutoka Minnesota, Michigan na Ontario. Baadhi walitoka Michipicoten, kisiwa kingine cha ziwa hilohilo, ambako walikuwa wamebaki na njaa. Mimi nimefurahia zaidi mchanganyiko wa vyanzo kuliko idadi. Makundi makubwa ya bara yana utofauti mwingi, lakini yanabeba pia jeni mbovu nyingi zilizojificha, ambazo zitajitokeza ndugu wakianza tena kuzaana. Kwa hiyo hesabu nzuri ya leo hainitoshi. Mwaka 2024 mbwamwitu walikadiriwa kuwa 30, na muusi wameshuka chini ya 1,000. Mberoshi una nafasi ya kupanda juu tena.

Kanuni ya zamani ya fani yetu inasema kundi dogo linahitaji angalau mgeni mmoja anayezaa katika kila kizazi. Kizazi cha mbwamwitu ni kama miaka minne. Barafu ikigoma, itabidi mtu apande ndege na sanduku kila baada ya miaka michache. Na barafu ikikubali, haina mwelekeo mmoja: mwishoni mwa Januari 2019 ziwa liliganda, na jike mmoja kati ya wanne wa kwanza walioletwa akashika njia, akarudi bara kwa miguu yake.