"Haikufungwa" ipi?

Juzi kijana wa jirani alinihakikishia kwamba timu ya futiboli ya Kimarekani (ile ya kubeba mpira mkononi) ya Chuo Kikuu cha Tennessee, ile ya mwaka 1939, "haikufungwa, kama Arsenal ya 2003/04". Nilinyamaza kwa sababu alikuwa mgeni wangu na chai ilikuwa ya moto. Lakini neno hilo nimelisikia likipindishwa mara nyingi mno, acha leo niseme.

Maana ya haraka: timu isiyofungwa ni timu iliyomaliza msimu bila kupoteza mechi. Hiyo ndiyo maana tunayoitumia zaidi, na ndiyo inayotuponza.

Kitenzi funga ni cha kamba na mlango. Unafunga mbuzi, unafunga mzigo, unafunga duka. Kikazaa watoto wengi: tunafunga ndoa, tunafunga Ramadhani, mwizi anafungwa miaka miwili. Uwanjani kimekaa pamoja na bao: mshambuliaji anafunga bao. Mpaka hapo sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu unaanza kikigeuzwa kuwa cha kutendwa. "Yanga wamefungwa" maana yake wamepoteza. "Yanga wamefungwa bao la kichwa", loo, huenda wameshinda tatu kwa moja! Msikilizaji hupambanua kwa maneno yanayofuata. Sasa mtu akiikata sentensi palepale, "hawakufungwa", ameniachia fumbo. Hawakupoteza, au hakuna aliyeziona nyavu zao?

Arsenal ile ilicheza mechi 38 za ligi, ikashinda 26, ikatoka sare 12. Haikupoteza hata moja. Lakini iliruhusu mabao 26. Kwa hiyo ilifungwa na haikufungwa, kwa pumzi moja.

Wamarekani wa miaka ile ya kabla ya vita hawakuweza kuvumilia utata huu, maana kwao yalikuwepo mambo matatu ya kutenganisha: kupoteza, kutoka sare, na kuruhusu pointi. Sare zilikuwa za kawaida. Muda ukiisha mmelingana, mnaondoka mmelingana. Muda wa nyongeza ulikuja kutumika msimu mzima katika daraja la juu la vyuo mwaka 1996. Ndiyo maana rekodi za zamani zina tarakimu tatu: ushindi, kupoteza, sare. UCLA ya 1939, timu ya chuo kikuu aliyoichezea Jackie Robinson kabla hajawa nyota wa besiboli, ina 6-0-4. Haikupoteza, lakini sare nne! Majirani zake wa jiji la Los Angeles, USC, walimaliza msimu wa kawaida na 7-0-2. Sare moja kati ya hizo waliipata wao kwa wao, 0-0, mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000, na UCLA ikiwa yadi chache tu kutoka mstari wa mwisho wa USC. UCLA wangeweza kuupiga mpira teke katikati ya milingoti, wapate pointi 3. Wakataka zote 6, za kuuvusha mstari, pasi ikazuiwa, na USC ndiyo iliyokwenda kucheza Rose Bowl, mechi kubwa ya baada ya msimu wa kawaida.

Tennessee ilikuwa kitu kingine kabisa. Chini ya kocha Robert Neyland, mwanajeshi aliyepita chuo cha West Point, ilicheza mechi 10 za msimu wa kawaida, ikashinda zote, ikapata pointi 212, ikaruhusu sifuri. Sifuri ya mechi zote kumi, si ya mechi moja. Alabama ilikula 21, LSU 20, na Auburn, mechi ya mwisho, 7 kwa 0. Na katika mchezo huo kuna njia nyingi za kukutia aibu: kuuvusha mpira mstari wa mwisho, kuupiga teke katikati ya milingoti, hata kumkamata mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe. Ukuta peke yake hautoshi kuziziba zote. Neyland aliamini timu isiyokosea ndiyo inayoshinda, akaona afadhali kuupiga mpira mbali mapema kuliko kung'ang'ania nao karibu na mstari wake. Hakuna timu ya daraja la juu iliyorudia msimu wa kawaida wa namna hiyo baada yake.

Nimesema "msimu wa kawaida" makusudi. Tarehe 1 Januari 1940, huko Pasadena, USC iliichapa Tennessee 14 kwa 0 katika Rose Bowl. Mwaka mmoja nyuma timu ya chuo kikuu cha Duke nayo ilikwenda huko ikiwa imecheza mechi tisa bila kuruhusu pointi hata moja, ikiongoza 3-0 mpaka dakika ya mwisho. USC hao hao wakapitisha pasi, 7-3.

Kwa hiyo, kijana wangu, ukitaka wa kumlinganisha na Arsenal katika mwaka ule, mchukue USC: haikupoteza, ilitoka sare, na ikaruhusu pointi hapa na pale. Tennessee sema "haikuruhusu pointi mpaka Pasadena". Ni maneno matatu zaidi tu, na chai nitakuongezea.