Ratili 4,000 kwa mizani ya adui: Waviking na kodi za Ulaya

Habari za Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, huanza na moto wa Lindisfarne, monasteri ya Uingereza waliyoishambulia mwaka 793. Huo ndio unaosimuliwa sana, ila kilichoibadilisha Ulaya zaidi ni fedha. Hapa Kiswahili kinatufaa: fedha ni madini, na fedha ni pesa. Kwa Waviking hayo mawili hayakutengana. Jina la mfalme juu ya sarafu halikuwashughulisha, waliuliza uzito.

Mwaka 845 Charles Mwenye Kipara, mfalme wa Wafranki wa magharibi, aliwalipa ratili 7,000 waondoke Paris. Kwa hesabu ya dinari 240 (sarafu ndogo za fedha) kwa ratili, hizo ni dinari 1,680,000. Zitoke wapi? Jibu tunalo katika malipo ya mwaka 866, ambayo viwango vyake viliandikwa: shamba la kaya huru dinari 6, la kaya ya watumwa 3, wakulima wa vijishamba 1 au nusu yake, wafanyabiashara sehemu moja ya kumi ya mali, mapadri kila mmoja kwa uwezo wake. Ratili 4,000 zilitakiwa, tena zipimwe kwa mizani ya Waviking wenyewe. Sharti hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika, kwani mpokeaji akipima kwa mawe yake ya mizani, hasara ya dinari iliyochakaa inamwangukia mlipaji.

Na upimaji waliujua. Mizani yao ilikuwa midogo, mingine ya kukunjwa, ya kubebwa safarini. Mawe mengi ya mizani yalikuwa ya chuma kilichovikwa aloi ya shaba: ukiyachokonoa ili kuyapunguza, chuma cha ndani kinashika kutu na hila inaonekana. Fedha waliijaribu kwa kuichoma ncha ya kisu, kwa kuwa iliyo safi ni laini, na shaba iliyopakwa fedha hujifichua kwa wekundu wake. Uzito usipotimia, bangili ilikatwa kipande. Ndiyo sababu hazina ya Cuerdale, iliyofukuliwa Uingereza mwaka 1840, ina sarafu, mikuo na vipande vilivyokatwakatwa, jumla kama kilo 40. Ile ya Spillings, kisiwani Gotland nchini Uswidi, ina kilo 67, na sarafu zake zaidi ya 14,000 karibu zote ni dirhamu, yaani sarafu za fedha kutoka nchi za Kiislamu. Dirhamu hizo zilifika kaskazini kwa biashara ya manyoya na watumwa kupitia mito ya Urusi.

Kasoro ya kumlipa mvamizi ni kwamba anarudi, na bei inapanda. Uingereza ilitoa ratili 10,000 mwaka 991, kisha 16,000 mwaka 994, 24,000 mwaka 1002, na 48,000 mwaka 1012. (Huenda waandishi wa zama hizo walitia chumvi, wanahistoria bado wanabishana.) Mwaka huohuo wa 1012 mfalme Æthelred alimwajiri Thorkell, kiongozi wa Waviking, pamoja na merikebu 45, na mishahara yao ikahitaji kodi ya kila mwaka juu ya ardhi. Kodi hiyo ilidumu hadi 1051, mfalme Edward alipoifuta.

Aliyekuja kutoza tena kodi ya ardhi, baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066, ni William wa Normandy, kitukuu wa vizazi kadhaa wa Rollo, Mviking aliyepewa ardhi hiyo ya Normandy na mfalme wa Wafranki mwaka 911.