Pini ya kilti haifungi kilti

Kila timu ya taifa ya Uskoti inapocheza mashindano makubwa, picha za mashabiki wake waliovaa kilti, yaani sketi za marinda za Kiskoti, husambaa, na hakosi mjuaji wa kutueleza kwamba ile pini inayoning'inia karibu na goti "ndiyo inayoishikilia sketi isifunguke". Jamani, haishikilii kitu.

Pini ya kilti ni pambo la madini, refu kama kidole hivi, linalochomekwa pembeni chini, upande wa kulia wa mvaaji. Huwa na umbo la upanga, ua la mbigili, kichwa cha ayala au nembo ya ukoo. Maana yake imeishia hapo. Kinachohitaji maneno ni hilo la kufunga.

Kilti kamili ni kitambaa cha sufu cha mita saba na ushei. Marinda yote hukaa nyuma na ubavuni. Mbele hakuna rinda hata moja, ila vipande viwili bapa vinavyolaliana, cha ndani na cha nje. Kazi ya kufunga inafanywa kiunoni na vikanda vya ngozi vyenye bizimu, viwili au vitatu. Aliyezoea kikoi atanielewa upesi: kiuno kikishika, huko chini nguo inajiachia. Pini hupita kipande cha nje peke yake.

Ukiipitisha vipande vyote viwili, umeiharibu nguo. Mtu akipiga hatua au akikaa, kipande cha ndani kinavutia kwake na cha nje kwake, na sindano iko katikati yao. Kitambaa kinajikunja vibaya, nyuzi zinaachana, na mwisho ni tundu kwenye vazi la bei mbaya.

Wengine husema basi ni uzito wa kuzuia upepo. Kidogo, labda. Ila kilti ya sufu nzito huweza kuzidi kilo mbili, sasa hizo gramu chache za pini zinaongeza nini? Ile hadithi ya Malkia Victoria kumwonea huruma askari aliyesumbuliwa na upepo, akamchomea pini yake mwenyewe, husimuliwa sana na inapendeza, lakini haina ushahidi wowote. Nadhani mkanganyiko umetoka kwenye sketi za mitindo zilizoigwa kutoka kilti na kuuzwa kwa wanawake. Kwenye hizo, ndiyo, mara nyingi pini hubana tabaka zote mbili.

Halafu kuna wanaoichanganya na bruchi ya begani. Hiyo ni kubwa, ya duara, wakati mwingine ina jiwe la rangi ya moshi kutoka milima ya Cairngorm, na hubana shuka la tartani, kile kitambaa cha mirabaraba, linaloteremka mgongoni kutoka bega la kushoto. Ukiitoa, shuka linaanguka. Ukiitoa pini ya kilti, hakuna kinachoanguka.

Na pini ya kilti mara nyingi si fedha, hata ikiuzwa kwa jina hilo. Nyingi ni za pyuta, yaani bati lililochanganywa na antimoni na shaba kidogo, bati lenyewe likiwa zaidi ya asilimia 90. Pyuta ya zamani ilitiwa risasi. Ya siku hizi haina. Fedha huyeyuka kwenye nyuzijoto 961 za Selsiasi, bati kwenye 232 tu, ndiyo maana pyuta inaweza kumiminwa hata kwenye kalibu za mpira na kutoa mafundo ya Kiselti, zile nakshi za kamba zilizosokotana, yenye mistari myembamba kwa bei ya kawaida. Haigeuki nyeusi haraka kama fedha. Ni laini, lakini, kwa hiyo sindano ya nyuma kwa kawaida huwa ya chuma. Ukiidondosha kwenye sakafu ya saruji, usishangae upanga ukipinda ncha.

Kwa hiyo ukiulizwa inafanya nini, sema inapamba. Si aibu kwa kitu kuwa pambo. Na ukimwona bwana harusi ameichoma mpaka kipande cha ndani, mnong'oneze aichomoe kabla hajaketi.