Barua za kuvaa uhusika: maana yake na jinsi zinavyoandikwa

"Baada ya salamu, nakujulisha ya kuwa mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu."

Aliyewahi kuandika barua ya nyumbani miaka ya themanini hahitaji kufundishwa sentensi hiyo. Niliiandika mara nyingi kwa niaba ya bibi yangu, ambaye hakujua kusoma. Yeye amekaa mkekani anachagua mchele, mimi nimelala kifudifudi na daftari, na kabla hatujafika kwenye habari yenyewe ameshataja watu kumi wanaosalimia. Nikimwambia, "Bibi, karatasi inaisha," ananijibu, "Barua isiyo na salamu ni samansi hiyo, mjukuu wangu. Andika."

Nimeanza na bibi kwa sababu dhana ninayotaka kuieleza inasimama juu ya jambo alilolijua vizuri: barua ina adabu zake, na adabu hizo ni za mahali na za wakati. Ukizijua za zama fulani, umeshaanza kuwajua watu wa zama hizo.

Barua ya kuvaa uhusika ni barua anayoiandika mtu wa leo akiwa amechukua nafsi ya mtu wa zamani, kwenda kwa mwenzake ambaye naye amechukua nafsi ya zamani. Msemo wa kuvaa uhusika tumeuzoea kwa waigizaji wa jukwaani na wa filamu. Hapa hakuna jukwaa wala mtazamaji. Kuna watu wawili, kalamu, karatasi, na kungoja. Barua huandikwa kwa mkono kwa kufuata kanuni za zama zilizochaguliwa, hukunjwa kama zilivyokunjwa za wakati huo, hupelekwa kwa posta au kwa mkono wa msafiri, na anayeipokea hujibu akiwa ndani ya uhusika wake.

Burudani hii ni tawi la nyingine kubwa zaidi, ile ya kuigiza historia, ambayo Ulaya na Marekani ina wafuasi wengi. Wapo wanaopiga kambi mwisho wa juma wakiwa wamevaa kama askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na wapo wanaorudi nyuma zaidi. Chama kinachojulikana sana kwa hawa wa pili ni Society for Creative Anachronism, kilichoanzia Berkeley, California, mwaka 1966, kwa ajili ya wapenzi wa historia ya kabla ya karne ya 17. Mwanachama hujibunia mhusika: jina, mahali, karne, kazi. Haruhusiwi kujiita mtu halisi wa historia. Huwezi kuwa malkia fulani aliyewahi kutawala. Lakini unaweza kuwa mke wa mfanyabiashara wa sufu wa Norwich, au mtengeneza vioo wa Venice. Wana hata kalenda yao, inayohesabu miaka tangu tarehe 1 Mei 1966, na wengine huiandika tarehe hiyo ya chama juu ya barua zao kwa namba za Kirumi.

Mavazi mtu anaweza kuyanunua. Upanga pia. Barua hainunuliki, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa kuwa inakudai uvae akili ya mtu, si kanzu yake tu.

Chukua mfano wa barua halisi. Familia ya Paston wa Norfolk, Uingereza, iliacha mamia ya barua na hati za karne ya 15. Mwaka 1448 Margaret Paston alimwandikia mumewe John, aliyekuwa London, wakati familia ikigombea nyumba yao ya Gresham na bwana mmoja mwenye nguvu. Alimwomba pinde za kukazwa kwa mtambo na mishale yake, maana majirani walikuwa wanajiandaa kwa mapigano. Katika barua hiyo hiyo akaagiza ratili moja ya lozi, ratili moja ya sukari, na kitambaa cha kuwashonea watoto nguo.

Mwandishi wa uhusika anayeanza asingeandika hivyo. Angeandika pinde tu, kurasa mbili za hofu na ushujaa, kwa sababu anadhani watu wa kale waliishi ndani ya matukio makubwa. Margaret alikuwa na vita mlangoni na watoto wasio na nguo, na vyote viwili vilikuwa kazi ya siku hiyo. Mwenye nyumba yeyote wa Kariakoo au wa Kisumu anamwelewa. Barua nzuri ya uhusika inajulikana kwa lozi na sukari.

Na salamu zake! Wake wa zama zile waliwaanza waume zao kwa maneno yenye maana ya "mume wangu mheshimiwa, najiweka mbele yako, nikitamani kwa moyo wote kusikia u mzima". Ni binamu wa "hofu na mashaka ni kwako". Mzungu wa leo anayeandika barua ya uhusika huona fomula hizi ni mzigo, huziruka aende kwenye habari. Sisi tuliolelewa na salamu ndefu tuna faida hapo. Tunajua kwamba salamu ni habari: aliyesalimiwa kwanza, aliyesahauliwa, aliyetajwa kwa cheo na aliyetajwa kwa jina tupu.

Kanuni iliyo juu ya zote ni hii: mhusika hajui kesho. Anayejifanya mtu wa Uingereza wa mwaka 1461 asiandike kwamba Vita vya Waridi, vile vya kugombea ufalme wa Uingereza, vinaendelea, kwa sababu jina hilo lilikuja kuzoeleka karne nyingi baadaye. Yeye anajua mfalme fulani amekimbilia kaskazini, bei ya ngano imepanda, na mtoto wa dada yake hajarudi. Askari wa mwaka 1916 naye hasemi yuko katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Angejuaje kwamba kutakuwa na ya pili? Mhusika pia hajui yuko "Enzi za Kati". Kwake yeye ni leo.

Hapa ndipo kazi inapoanza. Inabidi ujue habari gani ilikuwa imefika mji wako kufikia mwezi huo, ilichukua siku ngapi njiani, na ilifika ikiwa imepotoka kiasi gani. Ukiandika kutoka kijijini juu ya jambo lililotokea London, lazima uweke kwanza siku za farasi na tope. Nimewahi kuona mtu akitumia jioni nzima kutafuta kama mhusika wake angeweza kusikia kifo cha mfalme kabla ya Jumapili. Hakuna aliyemtuma. Alitaka barua yake iwe ya kweli.

Tarehe nazo zina mitego. Watu wa karne ya 15 wengi hawakuandika "tarehe 14 mwezi wa pili". Waliandika Ijumaa inayotangulia sikukuu ya mtakatifu fulani, na mwaka fulani wa utawala wa mfalme. Mpaka 1752 Uingereza ilihesabu rasmi mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, kwa hiyo barua ya Februari 1640 kwa hesabu yetu, kwa mwandishi wake ilikuwa bado 1639. Na mwaka huo wa 1752 walipohamia kalenda mpya, tarehe 2 Septemba ilifuatiwa na tarehe 14. Ukimwandikia mwenzako barua ya tarehe 8 ya mwezi huo ukiwa London, umemwandikia siku ambayo haikuwapo.

Kuhusu vifaa nitasema machache, ingawa wengine huko ndiko wanakoishia. Wino wa zama hizo ulitengenezwa kwa vivimbe ambavyo nyigu husababisha kwenye miti ya mwaloni, vikachanganywa na chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Unapoandika hutoka umefifia, kisha hukoza wenyewe ukipigwa na hewa. Kalamu ni unyoya wa bata bukini uliochongwa. Karatasi ilikuwa ya vitambaa vya kitani vilivyopondwa, haikuwa ya miti.

Kosa la kila anayeanza ni kuichovya karatasi kwenye chai ili ionekane ya kale. Tafadhali usifanye. Barua ya Margaret ilipofika London haikuwa ya kahawia. Ilikuwa karatasi mpya, iliyokunjwa wiki ile. Rangi ya chai ni rangi ya miaka 500 ndani ya makabati, na mhusika wako hajaishi miaka hiyo. Ukiichovya, umeandika barua kutoka makumbusho.

Kukunja ni jambo jingine, na hilo ningependa nikae nalo. Bahasha za gundi tunazozijua ni za juzi. Kwa karne nyingi barua ilikuwa bahasha ya yenyewe: ilikunjwa, ikatobolewa, ikafungwa kwa uzi au kwa ukanda wa karatasi yenyewe, ikapigwa muhuri wa lakiri. Lengo lilikuwa kwamba atakayeifungua njiani aache alama. Mary, malkia wa Scotland aliyefungwa na Waingereza, aliandika barua yake ya mwisho saa nane za usiku wa tarehe 8 Februari 1587, kwa Henri III wa Ufaransa, kaka wa marehemu mume wake wa kwanza. Alifunga barua kwa ukanda mwembamba uliokatwa kwenye ukingo wa karatasi ile ile, ukapitishwa ndani na nje ya matundu mara kadhaa. Hauwezi kufunguliwa bila kuchanika. Saa chache baadaye alikatwa kichwa. Barua iko Edinburgh, katika maktaba ya taifa ya Scotland.

Nilijaribu kufunga hivyo kwa karatasi ya kawaida na kisu cha jikoni. Ukanda ulikatika mara tatu. Mara ya nne ulipita, na nilipouvuta ukakaza, nilielewa kitu ambacho nisingekipata kwa kusoma: mikono ya mtu asiyetetemeka, usiku ule.

Swali ambalo huulizwa sana ni la wahusika wasiojua kuandika. Je, mkulima wa karne ya 14 anaweza kushiriki? Anaweza, kama bibi yangu alivyoweza. Barua nyingi za Margaret Paston mwenyewe ziliandikwa na makarani kwa imla. Basi barua ya uhusika inaweza kuwa na sauti mbili, ya anayesema na ya karani, na karani anaweza kuongeza neno lake pembeni au kulainisha tusi. Wanaofanya hivi hupata barua tamu kuliko za mabwana wasomi.

Kuna mpaka mmoja wa kuheshimiwa. Barua ya uhusika si ya kughushi. Waungwana huweka alama ndogo nyuma, mwaka halisi au jina lao la leo, ili karatasi isije ikamwangukia mtu baada ya miaka 60 akaidhani urithi wa babu. Na si hadithi ya kubuni pia, kwa sababu hadithi ina msomaji asiyejulikana, na barua ina mtu mmoja anayengoja, anayeweza kujibu usilolitarajia. Umeuliza bei ya sufu, yeye anajibu kwamba mwanao ameonekana mji wa jirani na msichana. Huna budi kulibeba hilo katika barua inayofuata.

Nimeona mambo haya yote yakifanywa kwa Kiingereza, na nikajiuliza kwa nini tusiyafanye kwa lugha yetu. Maandishi ya Kiswahili ya zamani zaidi yaliyosalia ni barua. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, na leo ziko katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Ilikuwa miaka 13 tu tangu Wareno wapoteze Fort Jesus, Mombasa. Yaani mtu wa Kilwa aliyeshika kalamu mwaka huo alikuwa na mambo ya kupima kabla ya kuchagua salamu.

Kwa hiyo tumeanza, mimi na rafiki yangu mmoja wa Lamu. Yeye amejibunia mtu aliyehamia kisiwa cha Msumbiji kwa biashara, mimi ni dada yake aliyebaki Kilwa. Herufi za Kiarabu naziandika kwa shida na mstari wangu unapanda kama ngazi, lakini zinasomeka. Tumekubaliana kwamba hakuna barua itakayosafiri bila upepo: ya kwenda kusini ingoje kaskazi, ya kurudi ingoje kusi. Barua yangu ya kwanza nimeimaliza mwezi wa nane. Ina salamu za watu tisa, swali juu ya deni la nguo, na ombi la sukari. Iko kwenye droo, imefungwa, na kaskazi haijaanza kuvuma.