Je, wajua kwa nini mtaalamu wa mimea huomba ua kabla ya jani?

Ukinunua kiwanja chenye bustani ya zamani, iwe Tengeru kule Arusha au Kibosho kule Kilimanjaro, watu watakushauri uwaite vijana wafyeke kila kitu. Nakuomba usubiri kwanza. Acha masika au vuli ipite, mimea uione ikichanua.

Jani hubadilika kufuatana na mahali. Mmea uleule ukiota kivulini chini ya migomba hutoa majani mapana na laini. Ukiota juani majani huwa madogo na magumu. Ua halibadiliki kirahisi hivyo. Idadi ya petali, namna zilivyoungana na mpangilio wa stameni, yaani vile vijiti vinavyobeba chavua, hurithiwa na ukoo mzima. Ndiyo maana mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi alipoipanga mimea katika makundi, alihesabu sehemu za ua.

Chuma ua la mnavu ulitazame kwa karibu. Utaona petali tano nyeupe zenye umbo la nyota, na katikati vifuko vya chavua vya manjano vimesongamana. Sasa tazama ua la nyanya chungu au la kiazi mviringo: rangi yaweza kutofautiana, lakini muundo ni uleule. Hao ni ndugu. Ila katika ukoo huohuo umo mnaha (datura), wenye ua refu la tarumbeta na tunda la miiba, na huo ni sumu kali, mbegu zake hasa. Kwa hiyo tafadhali usionje mmea ili kuutambua.

Ua likichelewa, jani nalo lina la kusema, mradi ujue linaanzia wapi. Tafuta kichipukizi kwenye pembe kati ya kikonyo na tawi. Hapo ndipo jani zima linapoanza. Vile vidogo vya mbele yake vinavyofanana na majani ni vijijani tu, yaani sehemu za jani hilo moja. Kwa njia hii utatofautisha mwarobaini na melia, mti ambao wengi huuchanganya nao. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja, vijijani vimejipanga pande mbili za uti mmoja. La melia limegawanyika mara mbili au hata tatu. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mwenye watoto, maana matunda ya melia yana sumu.

Masale ya mpakani usiyaguse kabla ya kuongea na jirani. Kwa Wachaga ndiyo alama ya mpaka. Wazee wa hapo watakutajia na mengine mengi.

Ukikwama kabisa, Hebaria ya Taifa ya Tanzania, ghala la sampuli za mimea iliyokaushwa, iko Arusha. Kata tawi lenye majani, ua na tunda kama lipo, ulilaze katikati ya magazeti, uweke kitu kizito juu, na ubadilishe magazeti kila siku. Andika mahali, tarehe, urefu wa mmea, na hasa rangi na harufu ya ua, kwa sababu hivyo viwili hupotea mmea ukikauka.